Hita Iliyokuwa Imezimwa

Hakuna mtu anayetengeneza hita ya maji Doha mwezi wa nane. Nilijua hivyo kabla sijapiga simu ya kwanza, na bado nikapiga, na karibu kila fundi aliyepokea alicheka kwanza ndipo akaniuliza nipo mtaa gani. Mmoja aliniuliza kwa upole kama nina homa. Mwingine aliniambia nisubiri majira ya baridi, na kama shida yangu ni maji moto, basi nifungue mfereji wa maji baridi.

Hakuwa anatania. Tangi la maji liko juu ya paa, na jua la huku halina huruma na tangi. Kiangazi kikikaza, mfereji wa maji baridi hutoa maji ya kunyonyolea kuku manyoya. Kwa hiyo kila nyumba huzima hita ikifika mwezi wa tano. Hita yenyewe iko ndani, imefichwa juu ya dari ya bafu, ambako ubaridi wa kiyoyozi huifikia. Maji yakishaingia humo hukaa yakapoa polepole, na anayetaka kuoga hufungua mfereji wenye alama nyekundu. Mifereji inabadilishana kazi mpaka joto litakapoisha. Hakuna mahali ambapo hili limeandikwa. Unaambiwa na aliyekutangulia, kama mimi nilivyoambiwa na dada yangu juma nililofika.

Lakini sikuwa natafuta maji moto. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia kwa nini maji ya hita iliyozimwa yalikuwa yanauma.

Tuliishi Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na bafu moja. Dada ni muuguzi. Mumewe aliendesha lori la kampuni mbali na mji na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi, akiwa amechoka kiasi kwamba alilala na viatu. Mimi nilifanya kazi ya kompyuta kwa ofisi moja, siku nyingine nikiwa ofisini na siku nyingine nikiwa mezani jikoni, ndiyo maana dada alinikaribisha: wakati yeye yuko wodini, mimi nilibaki na mtoto. Mtoto alikuwa na miezi saba. Alikuwa amepewa jina la mama mkwe wa dada, kwa hiyo kwa desturi ya kwetu hatukumwita jina hilo ovyo. Tulimwita Shosho, yaani bibi, na tulimsalimia asubuhi kwa heshima zote za bibi huku tukimbadilisha nepi.

Mara ya kwanza nilikuwa nikisuuza nywele. Niligusa mkono wa mfereji, ule wa chuma, nikahisi sisimizi wakitembea kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Niliachilia. Niligusa tena, maana mimi ndivyo nilivyo, hata mkono wangu nikiutilia shaka nataka ushahidi wa pili. Sisimizi walikuwepo.

Dada alikuwa anakula wali jikoni, bado na sare ya kazi.

"Dada, mfereji wa bafu umenipiga shoti."

"Ulikuwa umevaa malapa?"

"Nilikuwa naoga."

"Ndiyo nakuuliza. Ulikuwa umevaa malapa?"

Ilibidi nimjibu kwamba ndiyo, nilikuwa nimevaa. Sikukumbuka hata kuyavaa. Mtu aliyelelewa kwenye nyumba za kupanga kwetu Kenya haingii bafuni miguu mitupu, kama vile asivyoingia kanisani na kofia. Juu ya kichwa kuna ile shawa ya umeme, kibuyu cha plastiki chenye nyaya mbili zinazoingia ndani yake pamoja na maji, na kila mtoto hufundishwa mapema: vaa malapa, usiguse mfereji na mkono mtupu, ukiugusa tumia kitambaa. Mama alituambia hivyo kwa sauti ileile aliyotumia kutuambia tufunge mlango. Wageni waliambiwa pia. Mjomba alikuwa akitoka bafuni na kusema shawa yetu inamwamsha kuliko kahawa, na sote tulicheka, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini tunaoga na kitu kinachotupiga.

"Mimi hunipiga tangu mwezi uliopita," dada alisema. "Kidogo tu. Nikahisi niko nyumbani."

"Lakini ya nyumbani hupiga ikiwa imewashwa. Hii imezimwa."

"Ee."

"Imezimwa tangu mwezi wa tano, dada. Taa ya swichi haiwaki. Stima inatoka wapi?"

Dada alichukua kijiko kingine cha wali. "Bi Kwa Nini ameanza. Nimetoka kazini, nina miguu kama mito ya kulalia. Niulize kesho."

Sikuweza kungoja kesho. Nilienda nikasimama mbele ya swichi iliyo nje ya mlango wa bafu. Imezimwa. Niliiwasha, taa nyekundu ikawaka, nikaizima, ikazimika. Nilikuwa nimesoma chuo kikuu miaka minne, nimefundishwa kwamba kitu kikizimwa kimezimwa, na hapo nilisimama mbele ya kipande cha plastiki nikihisi kwamba kinanidanganya. Woga ulianzia hapo. Sikuogopa shoti yenyewe. Niliogopa ile taa isiyowaka.

Nilianza kusoma. Nilisoma wakati wa kazi, simu ikiwa chini ya meza, mpaka nikatamani nisingejua kusoma. Kila nilichokipata kilisema mambo mawili kwa pamoja: kwamba huenda si kitu, na kwamba watu hufa hivyo. Ningefanya nini na maarifa ya namna hiyo? Nikaacha kuoga chini ya mfereji. Nikawa najimwagia maji kwa kopo, nayo nikiyateka kwa ndoo ya plastiki, nikiufungua mfereji kwa kijiko cha mti. Dada alinikuta mara moja na kile kijiko akacheka mpaka akashika ukuta.

"Unaupikia mfereji ugali?"

Nami nilicheka. Lakini jambo moja halikunichekesha. Shosho alikuwa ameanza kushika vitu. Juma lilelile alikuwa amegundua kwamba mikono hufika mbali, na chochote kilichong'aa alikitaka: funguo, kijiko, hereni za mama yake. Alikuwa anaogeshwa ndani ya beseni la plastiki chini ya mfereji, na mfereji ulikuwa wa chuma, unang'aa, na beseni lilikuwa linazidi kuwa dogo kila siku. Yeye hakuwa na malapa.

Nilimwambia dada tumpigie wakala wa mwenye nyumba. Alikataa kabla sijamaliza sentensi.

"Mkataba unasema matengenezo madogo ni ya mpangaji."

"Hili ni dogo?"

"Hita ni ndogo. Na akija, atataka kuona nyumba. Akiona nyumba atauliza nguo za nani ziko kwenye kile chumba." Aliniangalia. "Kwenye mkataba tuko mimi na mume wangu, basi. Unataka aanze kutuhesabu?"

Sikutaka. Kwa hiyo nikawapigia mafundi, na ndipo nilipojifunza jinsi bei ya hita inavyotengenezwa katika mji ambao hauitaki hita. Kila mmoja alinitajia bei bila kuja kuangalia, na hakuna bei mbili zilizofanana. Niliwauliza wote swali moja: hiyo ni bei ya nini? Wengi walikata simu. Waliobaki walinipa majibu ambayo nikiyaunganisha yalionekana kama ukweli. Ile koili inayochemsha maji si ghali, ni sawa na sahani mbili za wali na kuku. Thamostati, ile ya kupima joto, ni rahisi kuliko koili. Unacholipa ni mtu kupanda ngazi, kufungua dari, kujikunja kwenye giza lenye vumbi, na zaidi ya yote unalipa kwa sababu ameacha kiyoyozi cha mtu mwingine anayelia kwenye simu. Mwezi wa nane fundi ni kama daktari wa vita. Anawapita waliovunjika kidole.

Mmoja wao, mzee kwa sauti yake, aliniambia kwamba huku kinachokula hita si maji ya ndani, ni maji ya nje, unyevu wa hewani unaogandia kila kitu kilicho baridi. Nilimshuku. Mtu anayeuza hita mpya atakosaje kusema kwamba ya zamani imeliwa? Alinishauri nibadilishe yote.

Lakini hata nilipoelewa bei, woga haukupungua, maana wote walikuwa wananiuzia maji moto. Niliposema hita imezimwa na bado inapiga, walirudi kwenye bei.

Ilibidi litokee jambo ndipo dada akubali, nalo lilitokea Alhamisi baada ya kazi. Alikuwa amechuchumaa akimwogesha Shosho, malapa miguuni, sabuni kila mahali. Mimi nilisimama mlangoni nikijifanya nimeleta taulo. Shosho alikuwa anapiga maji kwa viganja na kucheka. Kisha aliinua uso, akauona mfereji, na nikauona ule mkono mdogo uliolowa ukipanda, vidole vimefunguka, polepole, kwa ule umakini wa watoto wanaojifunza umbali. Sikumbuki kupiga hatua. Nakumbuka tu beseni limepinduka, maji yamejaa sakafuni, mtoto analia kifuani kwangu, na dada amekaa chini, kalowa, ananitazama kama mwizi.

"Una wazimu? Ungemwangusha! Kwa mawazo yako ungemvunja mtoto shingo!"

"Alikuwa anaushika."

"Na mimi ninaushika kila siku!"

"Wewe umevaa malapa, dada. Na una kilo sabini."

Nilitarajia anitukane.  Badala yake alimchukua mtoto, akamfunika, na alipofika sebuleni akasema bila kugeuka, "Leta huyo fundi wako. Lakini si wakala."

Mfanyakazi mwenzangu alinipa namba ya Mganda mmoja aliyelinda hoteli kule Al Wakrah na kutengeneza vitu vya watu siku ya mapumziko. Huyu hakucheka kwenye simu. Alisema atakuja Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na kwamba bei ya kuja ni moja na bei ya kufanya ni nyingine, tusije tukagombana mlangoni. Nilimpenda kwa hilo, nikamshuku kwa hilohilo.

Alikuja amelowa jasho kana kwamba amevuka mto. Nje ilikuwa ile hali ambayo hewa yenyewe ni maji, miwani hufifia ukifungua mlango na kuta za ngazi hutoka jasho. Alikunywa bilauri mbili za maji akiwa amesimama, akamtazama Shosho, akainama kidogo.

"Huyu ndiye bosi?"

"Ndiye bibi wa nyumba," dada alisema.

"Bibi, shikamoo. Tutakutengenezea maji."

Alizima umeme wa bafu kwenye boksi la ukutani, akapanda ngazi, akasukuma kifuniko cha dari, na kitu cha kwanza kilichoshuka kilikuwa tone la maji. Kisha la pili. Nilipanda kiti nikachungulia kando ya bega lake. Juu ya hita lilipita bomba la hewa ya kiyoyozi, gamba lake limechanika, na lilikuwa linatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Jasho lile lilidondokea pale nyaya zinapoingilia. Kifuniko cha nyaya kilikuwa na kutu ya rangi ya chai. Kumbe yule mzee wa kwenye simu hakuniongopea, au aliniongopea kuhusu mengine yote isipokuwa hilo.

"Mumeona?" fundi alisema. "Hii si hita, hii ni mgonjwa."

Alifanya kazi vizuri, kwa haraka, akiongea muda wote. Alitoa maji, akaitoa koili, akatuonyesha ilivyopasuka ubavuni. Aliweka mpya, akabadilisha thamostati, akakausha kifuniko na kuzungusha utepe mweusi. Aliturudishia umeme, akawasha swichi ya hita kujaribu. Alishuka akifuta mikono, akiniita nyabo, yaani bibie kwa Kiganda.

"Imekwisha, nyabo. Hata majira ya baridi mtanikumbuka."

Dada alikuwa tayari na beseni lenye vipande vya barafu, maana maji mapya ya hita hayakuwa yamepoa. Shosho alikuwa amevuliwa, joto lilikuwa limemkasirisha, na mama yake alitaka ile siku iishe. Alifungua mfereji wenye alama nyekundu, maji yakaanza kuingia.

"Ngoja," nilisema. "Kaka, hita ilikuwa imezimwa."

"Ndiyo."

"Sasa stima iliyotupiga ilitoka wapi?"

"Koili ilipasuka. Stima ikaingia kwenye maji."

"Ikitoka wapi, kama swichi imezimwa?"

Alicheka, akamgeukia dada. "Mama, huyu ni mdogo wako au ni hakimu wa mahakama kuu?"

"Zaliwa naye uone," dada alisema, wakacheka wote wawili, na nikahisi uso wangu umewaka. Ningenyamaza. Nilikuwa nimeshamsumbua kila mtu juma zima na sasa kulikuwa na koili mpya na mtu aliyeijua kazi yake. Lakini Shosho alikuwa mikononi mwa mama yake, mtupu kama samaki, miguu yake inaelekea kwenye maji.

"Basi weka mkono wewe kwanza," nilimwambia. "Vua viatu, simama hapo kwenye maji, ushike mfereji."

Kicheko chake kiliendelea kidogo kisha kikakatika. Alitazama sakafu iliyolowa. Alitazama viatu vyake, vile vyeusi vya ulinzi vyenye soli nene za mpira. "Hakuna shida," alisema. Hakuinama kuvivua.

Maji yalikuwa yanatiririka.  Nilimwona dada akimtazama fundi, kisha akitazama viatu vyake, kisha nikaona mikono yake ikimvuta mtoto kifuani, polepole, bila kufanya fujo, kama anavyomwondoa mgonjwa karibu na kitu asichotaka akione.

"Kwa nini huvui?" dada aliuliza.

 Fundi alifunga mfereji kwa kitambaa, akachukua testa mfukoni, ile bisibisi yenye taa ndogo kwenye mpini, akarudi juu.

"Zimeni swichi ya nje," alisema.

Niliizima. Taa nyekundu ilizimika. Kule juu, kwenye giza la dari, ndani ya mpini wa bisibisi yake, taa nyingine iliwaka.

"Mumeona," alisema tena, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

Alitueleza akiwa hukohuko juu, bila mzaha. Umeme huja kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, na aliyeweka swichi ile alikuwa ameikatisha kwenye waya wa kurudi. Tulipozima, taa ilizimika na maji hayakuchemka, lakini umeme ulikuwa umekaa palepale kwenye hita, umesimama unangoja njia. Koili ilipopasuka, ukapata njia kwenye maji. Nikamuuliza kuhusu waya wa kijani, ule ambao nilikuwa nimesoma kwamba kazi yake ni kuupeleka umeme uliopotea ardhini kabla haujampata mtu. Alisema upo, anauona. Akaushika auonyeshe, akauvuta kidogo.

Ukaja wote.

Ulikuwa na urefu wa mkono wa mtoto. Upande mmoja ulikuwa umefungwa vizuri kwenye hita, kwa skrubu, kazi safi. Upande mwingine ulikuwa umesukumwa kwenye tundu la ukuta na haukuwa umefungwa kwenye kitu chochote. Mtu alikuwa ameuweka ili uonekane.

Fundi alishuka akaenda kwenye boksi la umeme sebuleni. Alifungua kifuniko, akamulika kwa simu, akafuata waya mmoja kwa mwanga hadi mwisho. Nilichungulia. Ile swichi kubwa, ambayo kazi yake ni kujikata yenyewe umeme ukimpitia mtu, ilikuwa imerukwa kwa kipande cha waya. Huenda mpangaji fulani alichoka nayo kwa sababu ilikuwa inajikata kila mara, hasa miezi ya unyevu, na fundi fulani akamsaidia. Huenda alikuwa na watoto waliolia kiyoyozi kikizimika. Sijui.

"Tutajie bei," nilisema. "Ya kurekebisha hii."

Alifunga boksi.

"Hapana, nyabo."

"Sema tu. Tutatafuta."

"Hii sina bei. Hii ni ya jengo, iko ndani ya ukuta. Nikiigusa leo na kesho mtu akafa ghorofa ya nne, mimi ni mtu wa kulinda mlango, mimi si mtu wa umeme." Alikuwa ameanza kukusanya vifaa vyake. "Nitaikata hita kabisa, nyaya zote mbili, nizifunge. Hiyo haitawapiga. Mengine mwiteni mwenye nyumba."

Juma zima nilikuwa nimebishana na watu juu ya bei zao. Huyu ndiye wa kwanza aliyekataa kunitajia, na hakuna bei iliyowahi kunitisha hivyo. Alikata nyaya, akazifunga, akachukua malipo ya kuja na ya koili, akasita, akatuachia koili ya zamani mezani kana kwamba tungeihitaji. Mlangoni alisema, "Bibi, kwaheri," kwa Shosho, wala hakuinama.

Tulikaa. Shosho alikuwa amevishwa nepi tu na alikuwa analalamika. Nilijua kinachofuata ni nini na nilitaka kukisema mimi ili dada asilazimike.

"Naweza kutafuta pa kukaa," nilisema. "Abu Hamour kuna mwenzangu wa ofisini ana kitanda. Nihame kwanza, kisha umwite wakala."

Dada alikuwa ameshashika simu. Aliongea kwa Kiingereza cha wodini, kile cha kuwaambia madaktari wachanga kwamba wamekosea kipimo cha dawa, sauti ya chini isiyo na haraka. Alimweleza wakala kuhusu swichi, kuhusu waya wa kijani, kuhusu boksi. Wakala alisema jambo kuhusu mkataba na matengenezo madogo. Dada alimwacha amalize, kisha akaanza tena mwanzo, maneno yaleyale, sauti ileile. Nilisikia wakala akiuliza nani atakuwepo nyumbani asubuhi kumfungulia mtu wa umeme, maana bila shaka yeye dada huwa kazini.

"Mdogo wangu," dada alisema. "Anaishi hapa."

  Wakala alisema mtu atakuja asubuhi, na kwamba hilo lingine wataliongea.

Dada aliweka simu chini. Hakwenda bafuni. Alichukua chupa ya maji ya kunywa kwenye friji, akaiweka juani dirishani mpaka ubaridi ukakatika, akalowesha kitambaa, akamlaza Shosho kitandani na kuanza kumpangusa, shingo, makwapa, mikunjo ya mapaja, kama wanavyopanguswa wagonjwa wasioweza kuinuka. Mikono yake imezoea kazi hiyo. 

"Mashine ya kufulia," alisema. "Inatumia waya gani?"

"Sijui."

"Na friji? Niliigusa sasa hivi."

"Sijui, dada."

Aliacha kupangusa. Alitazama soketi iliyo karibu na kitanda, kisha taa ya mezani, kisha kiyoyozi kilichokuwa kinanguruma juu yetu, kwa namna ambayo mimi nilikuwa nimevitazama vitu vya nyumba ile juma zima. Kisha akanitazama mimi, akingoja. Nilikuwa nimetaka sana aogope. Nilikuwa nimemfuata chumba kwa chumba nikitaka aogope, na sasa alikuwa ameogopa, na nikagundua kwamba siku zote hizo nilithubutu kuuliza kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja nyumbani wa kunicheka na kuniambia si kitu. Nilisubiri aniambie. Alisogea ukingoni mwa kitanda, mbali na ukuta, akamvuta mtoto, akanionyesha kwa kichwa nami nisogee.